Nilivyouvika Majani Mti wa Memsahib

Jamani, leo nimeaibika mpaka nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Mnajua mimi ni mtu wa kukamua ng'ombe wa memsahib, yule mzungu mwenye shamba. Bustani nimepewa majuzi tu, mzee wa bustani aliporudi kwao. Na kazi ya kwanza? Kuhamisha mti wa plamu uliopandwa na marehemu mama yake memsahib, kutoka nyumba ya zamani hadi nyumba mpya. Mti mzima, umenipita kimo mara mbili! Tulichimba kuuzunguka, tukaacha bonge la udongo kwenye mizizi, tukalifunga kwa magunia, maksai wanne wakauvuta. Nikaupanda, nikauegemeza kwa nguzo tatu.

"Barasa," memsahib akasema, "kama hii mti nakufa, wewe nakwenda." Akaenda zake Nairobi wiki tatu.

Nikaumwagilia asubuhi na jioni. Majani yakageuka manjano. Yakaanguka. Yote! Nikaongeza maji (kabichi zilikosa kwa ajili yake). Vikabaki vijiti vitupu. Nilikuwa silali kwa hofu. Ukifukuzwa hapa Njoro, nyumba ya laini ya wafanyakazi unaiacha siku hiyo hiyo. Mke, watoto wanne na ng'ombe wangu wawili ningewapeleka wapi?

Leo asubuhi Musa mpishi akanipitia. "Memsahib anafika saa sita. Huo mti umeuua?"

Nikakimbilia mlimau wa nyuma ya jiko, nikakata matawi, nikayafunga kwenye plamu kwa kamba ya katani, moja moja. (Kazi safi, lazima niseme.) Ukiwa mbali, mti ulipendeza kabisa.

Taabu ni kwamba memsahib hakukaa mbali. Alishuka garini akaja moja kwa moja. Akachuma jani. Akalinusa.

"Barasa. Kwa nini plamu nanuka limau?"

"Ni... ni mbolea, memsahib."

Akavuta kamba. Tawi zima likaning'inia! Nikaona mizigo yangu iko barabarani tayari. Akatoa kisu kidogo, akakwaruza gome. Nikafumba macho.

"Angalia! Ndani iko kijani. Hii mti hapana kufa. Kila mwaka, wakati ya baridi, natupa majani, nalala tu."

Kumbe! Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo. Akamwita Musa. Musa akawaita wakamuaji. Wakamuaji wakaita laini nzima, mke wangu akiwa mbele.

"Nifungue matawi, memsahib?" nikauliza, jasho likinitoka.

"Hapana! Wacha. Jumapili wageni nakuja kunywa chai. Wewe nasimama hapa, naambia wao vile wewe nafanya."

Kazi bado ninayo, nashukuru. Lakini ndugu zangu, anayenipenda kweli, Jumapili asikanyage upande wa bustani.