Chupa Kumi na Moja za Tangi

Habari ilifika kijiweni kabla kahawa haijachemka. Mathias Gazeti, kijana wa Vidunda aliyepewa jina hilo kwa kuwa alisoma misheni na hapiti karatasi iliyobandikwa bila kuimaliza, alikuja kutoka zahanati ya shamba la mkonge amekunja uso.

"Shikamoo, Mama Mwanakheri."

"Marahaba, mwanangu. Umebeba msiba wa nani?" aliuliza mwenye kahawa.

"Wa kambi nzima. Majibu ya mikojo yametoka."

Wakata mkonge waliokaa benchini walimgeukia. Wiki mbili nyuma daktari wa serikali alikuwa amepita mashamba ya Kilosa akigawa chupa, kila mkata mkonge alete mkojo wake wa asubuhi. Nusu ya kila mkojo aliitia dawa ya buluu motoni. Ukigeuka rangi ya tofali, una kisukari. Nusu nyingine aliichemsha bila dawa. Ukifanya ukungu mweupe, figo zimeanza kuharibika.

"Tueleze ulichosoma," alisema Lupakisyo Wakili, mtu wa Tukuyu asiyekubali jambo kabla ya kulibishia.

"Daktari anasema kwingine alikopima, katika watu wazima kumi wenye kisukari, watatu au wanne ndio figo zao zimeguswa. Kambi yetu, wenye kisukari kumi na moja. Wenye figo mbovu, kumi na moja."

"Wote?"

"Hakusalimika hata mmoja. Anasema tangu aanze kazi hajapata kuona."

"Mimi chai nakunywa na chumvi," alisema Lupakisyo. "Sukari aile Mgiriki mwenye shamba nyumbani kwake, kisukari niugue mimi? Yaani siku hizi hata magonjwa tunawakatia wao, kama mkonge."

"Usifanye mzaha, Wakili," alisema Mwanakheri. "Marehemu mume wangu alikuwa nacho. Walimwangalia mguu, wakamwangalia macho. Figo hakuna aliyeziuliza, nazo hazikusema kitu. Ziliposema, tulikuwa tunachimba kaburi."

Vitalis, ambaye wote walimwita Tangi kwa jinsi alivyokunywa maji kuliko gari moshi lililosimama stesheni ya Munisagara, alikuwa anamalizia kata ya tatu ya maji. Alitabasamu peke yake. Siri ya chupa zile aliijua kuliko daktari.

Mkongeni, mtu akiugua, wenzake humkatia mafungu ya mkonge ili kipande chake, kadi ya siku zake za kazi, kisilale bila alama. Huo ni utu, na hakuna aliyewahi kuuona kosa. Basi ilipovuma kwamba atakayekutwa mgonjwa atarudishwa kwao, wanaume kumi walimwendea Tangi na chupa zao. Nani mzima kuliko yeye? Mkojo wake mwingi, hauna kungoja, na mwenyewe hajui kumkatalia mtu. Asubuhi moja tu alijaza kumi za watu na ya kumi na moja yake, akabaki na ziada ya kumwaga. Kwa wiki mbili alitembea kifua mbele.

Lupakisyo, ambaye chupa yake ilikuwa ya kwanza kujazwa, alipiga goti kofi akaanza kucheka.

"Mathias, kunjua uso. Mikojo ile si yetu. Yote ya Tangi."

Mathias alimtazama kila mmoja benchini. Wote waliangalia vikombe vyao.

"Kwa hiyo daktari amempima mtu mmoja mara kumi na moja?"

"Akaandika ni kambi," alisema Lupakisyo. "Hesabu hiyo itapanda meli mpaka Ulaya. Mabwana watakaa kikao, waulizane wakata mkonge wa Kilosa wamelaaniwa na nani."

Benchi zima lilicheka, Tangi naye akacheka. Mwanakheri peke yake hakucheka. Alikuwa ameweka buli chini na anatazama miguu ya Tangi.

"Vitalis, viatu vyako viko wapi?"

"Vinanibana, Mama. Tangu mwezi uliopita."

"Viatu havikui wala havipungui, mwanangu. Bonyeza hapo juu ya kifundo."

Alibonyeza. Kidole kilipotoka, shimo lilibaki. Kicheko kilikatika, na Vitalis akaogopa, hofu ya kweli ya mtu mwenye watoto wanne Kisanga ambao bado hawajui kushika jembe. Maji yale yote, mkojo ule wote aliojivunia, kumbe ni ugonjwa wenyewe uliokuwa unapiga hodi.

Lupakisyo alimshika bega. Ubishi ulikuwa umemtoka.

"Pole sana, ndugu yangu. Kipande chako hakitalala, tutakukatia mafungu mpaka upone. Kesho tutakwenda kwa daktari tuseme ukweli. Wewe upewe dawa, sisi kumi tufutwe kwenye orodha. Sisi, tunamshukuru Mungu, wazima."

Akaomba kata, akanywa maji yote, akainuka kuelekea nyuma ya jiko kujisaidia, mara ya tatu tangu akae.

"Wakili," Vitalis alimwita taratibu. "Uzima huo amekuambia nani? Mimi nimepimwa mara kumi na moja. Ninyi hamjapimwa hata mara moja."

Lupakisyo alisimama palepale. Akageuka, akarudi kwenye benchi.

"Mama Mwanakheri," akasema, "una chupa tupu?"