Malalamiko Kuhusu Jedwali Lililomfanya Tofali Kuwa wa Pili

Ndugu Mhariri wa Kurasa za Michezo,

YAH: JEDWALI LAKO LA JUMATATU YA WIKI ILIYOPITA

Pokea salamu zangu, pamoja na za mke wangu, ambaye amesema nisizitume lakini mimi najua anakusalimu. Natumaini wewe na wenzako wa chumba cha habari hamjambo. Mimi sijambo kidogo tu, na sababu ya hicho kidogo ni wewe, ingawa nalisema hilo kwa heshima zote.

Kabla sijalalamika, nijitambulishe. Mimi ni mchora sura. Ukiona kwenye ukuta wa kinyozi mtu aliyenyolewa vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kutoka mle ndani, huyo nimemchora mimi. Kazi hii naifanya na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye hawezi kuchora hata yai, lakini herufi zake zimesimama wima kama askari wa gwaride. Kwa miaka kumi na sita mimi naweka sura, yeye anaweka maneno chini yake. Herufi zangu mimi, nakiri, hazina nidhamu. Mwaka ambao shemeji aliugua niliandika peke yangu bango la fundi viatu, na yule fundi akalichukua akalifanya mlango wa banda la kuku.

Mwezi uliopita mwenye ukumbi wa ngumi alitupa kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Alitaka ukuta mzima wa mbele: mabingwa wawili bega kwa bega, Tofali na Utelezi, na chini ya kila mmoja mafanikio yake tangu aanze ngumi hadi leo. Kwa msomaji wako asiyewajua, Tofali ni yule anayesimama katikati ya ulingo na kupiga hadi mtu alale. Utelezi ni yule anayezunguka, anagusa, anakimbia, kisha anainuliwa mkono. Ukumbi unafunguliwa upya Jumamosi hii. Mwenye ukumbi akatuagiza takwimu tuzitoe kwenye gazeti lako, akidai kwamba mambo ya namba hamkosei.

Jumatatu hiyo jedwali likatoka, na chini yake mmeandika kwa wino mzito kwamba kwa ujumla Utelezi ni zaidi. Shemeji akalisoma kwa sauti mara mbili. Kisha akachukua penseli akaanza kupanga maneno ukutani. Chini ya Utelezi akapanga USHINDI 40, tarakimu zina urefu wa mkono mzima. Chini ya Tofali akapanga USHINDI 31, tarakimu zina kimo cha kiganja. Nilipomuuliza, tena kwa upole, akasema ukubwa wa herufi hufuata ukubwa wa jambo. Alipokwenda kunywa chai nilichukua brashi, nikarefusha mkono wa kushoto wa Tofali, nikauvisha glovu nyekundu, na glovu hiyo ikatua juu ya ile arobaini.

Shemeji aliporudi aliitazama kwa muda. Aliosha brashi zake zote saba kwa mafuta ya taa, akazifuta moja moja, akazifunga kwenye kitambaa, akaondoka bila kuaga. Leo ni Jumatano, siku ya tisa. Ukuta una watu wawili wakubwa wanaowakodolea macho wapita njia bila neno lolote lililopakwa rangi chini yao, imebaki siku tatu, na mtu niliyekula naye kila mchana kwa miaka kumi na sita haitikii salamu yangu. Inaniuma, Ndugu Mhariri. Sitaki kukuficha.

Sasa sikiliza kwa nini nakuandikia wewe na si yeye. Shemeji yangu haamini lolote ninalosema mimi, lakini kitu kikishachapishwa anakiamini mpaka nukta ya mwisho. Ukisahihisha jedwali, atarudi. Kwa hiyo naomba uyapokee malalamiko yangu kama yalivyopangwa hapa chini.

1. Kuhusu ushindi. Umeandika Utelezi ameshinda mara 40 na Tofali mara 31. Ukitazama safu inayofuata, utaona kwamba Tofali amewalaza watu 27 kwa KO, na Utelezi 9 tu. Hao wengine wote wa Utelezi alishinda kwa pointi, maana yake majaji watatu waliokaa kwenye viti walimpa maksi. Kupewa maksi si kushinda. Hata mimi nilikuwa napewa maksi shuleni, na hakuna aliyewahi kuniita bingwa. Hesabu sahihi basi ni 27 kwa 9, na mtoto wa darasa la pili anaweza kukuambia nani yuko juu.

2. Kuhusu kupoteza. Umemwandikia Tofali kwamba amepoteza mara sita, tena umeziweka kwenye safu yake peke yake kama doa kwenye shati. Nilizitazama zote sita kwenye televisheni ya kinyozi. Katika moja mwamuzi alihesabu hadi kumi kwa sekunde nane. Saa ya kinyozi ni shahidi. Katika nyingine Tofali alikuwa na mafua. Hizo nne zilizobaki alipigwa, sikatai, lakini fikiria jambo hili kwa utulivu: wale wanne aliowaachia leo wana nyumba, wana heshima, wana kitu cha kuwasimulia watoto wao. Huo ni ukarimu, na ukarimu huandikwa upande wa mafanikio. Zile mbili alizopoteza Utelezi ziache hapo hapo zilipo, kwa sababu yeye hakuzitoa kwa hiari, alilalamika mwezi mzima.

3. Kuhusu pua. Jedwali lako lina safu ya ngumi zilizotupwa na safu ya ngumi zilizofika, lakini hakuna safu ya ngumi zilizopokelewa. Hapa naomba unisikilize kama fundi. Mimi nimezichora sura hizi mbili kwa mkono wangu, kila moja ikiwa na kimo cha mlango. Sura ya Utelezi niliimaliza kabla ya chakula cha mchana. Pua imenyooka, nyusi zimekamilika, masikio mawili yanafanana. Miaka kumi na tisa ulingoni na mtu bado anaonekana kama ametoka kupiga picha ya kitambulisho. Sasa niambie, huko kazini alikuwa akienda kufanya nini? Sura ya Tofali ilinichukua siku mbili na nusu. Pua peke yake ilinimaliza asubuhi nzima, maana inaanza upande mmoja, inabadili mawazo, inaishia upande mwingine. Kwa lile kovu juu ya jicho nilitumia rangi za aina nne. Kila alichofanya Tofali maishani kimeandikwa usoni pake, na hakuhitaji mtu wa takwimu. Fundi viatu tunampima kwa mikono yake, mkulima tunampima kwa nyayo zake. Bondia mwenye pua nzima ni mtu aliyekwepa kazi.

4. Kuhusu mikanda. Minne ya Utelezi kwa miwili ya Tofali. Mtu ana kiuno kimoja.

5. Kuhusu kustaafu. Hili umelisahau kabisa. Tofali amestaafu mara tatu. Mara tatu watu wamelia, mara tatu amepewa saa ya ukutani, mara tatu amerudi. Utelezi hajastaafu hata mara moja. Nilipolitaja hili nyumbani, mke wangu alisema kama kuondoka na kurudi ni mafanikio basi kaka yake naye akirudi apewe mkanda, na kwamba yeye amechoka kupeleka sahani moja kwangu na nyingine ng'ambo ya barabara kwa watu wawili wenye mvi wanaonuniana kwa ajili ya wanaume ambao hawajui hata kama wao wapo. Akaongeza kwamba kaka yake tangu utoto akikasirika huwa haongei, anasafisha vitu, na sasa hivi nyumba yake inang'aa hadi inatisha. Namnukuu ili uone hali ilivyo. Shemeji ni mkaidi, ana kiburi cha herufi, na anapokula hutafuna kila tonge mara thelathini huku akikutazama. Lakini sijawahi kuona mtu mwingine anayeweza kupiga mstari wa mita sita kwa mkono mtupu bila kupumua. Mtu wa namna hiyo hapatikani kwa tangazo.

6. Kuhusu mapambano yao wenyewe. Walikutana mara mbili, na wewe umeandika 1–1, kana kwamba mambo yamekwisha hapo. La kwanza Tofali alilimaliza raundi ya tatu. La pili Utelezi alipewa kwa pointi baada ya raundi kumi na mbili. Ukiwa na ukuta wa kupakwa rangi, fundi mmoja akaumaliza kwa siku tatu na mwingine kwa siku kumi na mbili, utasema wamelingana? Zaidi ya hayo, mwisho wa lile la pili Tofali alikuwa amesimama, anapumua, anasalimia watu. Hakuna dalili yoyote iliyoonyesha kwamba amepoteza, na yeye mwenyewe alijua baada ya kuambiwa. Mtu hawezi kuwa amepigwa halafu asubiri kuambiwa. Kwa hiyo yote mawili alishinda Tofali. Na kama Tofali, aliyepoteza mara sita, alimshinda Utelezi mara mbili, basi wale watano wengine waliomshinda Tofali nao wamemshinda Utelezi, hata kama hawajawahi kukutana naye. Ukiziongeza hizo kwenye zile mbili zake, na ukiondoa zile za maksi nilizozieleza namba 1, utagundua, kama nilivyogundua mimi jana wakati nanyoa ndevu, kwamba Utelezi amepigwa karibu sawa na alivyopiga, na kwamba kwa miaka kumi na tisa taifa zima limekuwa likimshangilia mtu aliyekuwa akifanya mazoezi ya viungo.

7. Kwa hayo yote naomba mambo matatu, na sidhani ni mengi. Kwanza, uchapishe jedwali jipya lenye safu za pua, ukarimu na kustaafu. Pili, uandike chini yake kwa wino ule ule mzito kwamba kwa ujumla Tofali ni zaidi. Tatu, lifanyike kabla ya Ijumaa asubuhi, kwa sababu shemeji hununua gazeti saa moja, hulisoma hadi saa mbili, na tukianza saa tatu tunaweza kumaliza ukuta kabla giza halijaingia. Ukishindwa, basi uje wewe mwenyewe Jumamosi usimame mbele ya ukuta ule na kuwaeleza wageni rasmi kwa mdomo wako kile kilichopaswa kuandikwa pale.

Wasalimie wapiga chapa, wauza magazeti na yule anayetengeneza chai hapo ofisini. Msalimie pia kijana wako wa takwimu. Mwambie sina kinyongo naye, ila kwa sasa asipite mtaa wetu.

Ni mimi mnunuzi wako wa kila siku, isipokuwa siku ninazoazima gazeti,

Mchora Sura

Nyongeza: Maneno haya nimeyaandika kwa mkono wangu, kwa hiyo yasome polepole. Yote yaliyo juu ameyaandika shemeji. Alikuja leo asubuhi hapa ukumbini kuchukua uzi wake wa kupimia mistari, akanikuta nahangaika na karatasi, akachungulia. Akasema hatusemezani, lakini hawezi kukubali mume wa dada yake apeleke gazetini kitu kinachoonekana kimeandikwa na kuku. Akanisogeza kwenye benchi, akaanza upya kuanzia salamu. Mimi nikawa nasema, yeye anaandika. Hakupunguza neno, hata pale nilipomsema vibaya. Kwenye namba ya tano aliomba maji ya kunywa, akaendelea.

Tatizo lilikuja alipomaliza, maana alinisomea barua nzima kwa sauti. Sikushauri kusomewa hoja zako na mtu anayesoma taratibu. Kufika namba 2 nilikuwa natazama sakafu. Kufika namba 6 nikaona wazi kwamba mtu aliyeshinda mara arobaini ameshinda mara arobaini. Nikamwambia shemeji, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba jedwali lako halina kosa na Utelezi ni zaidi. Shemeji akaweka kalamu chini. Akasema hakuwahi kuifikiria ile habari ya pua. Anasema Tofali ndiye bingwa, na anayebisha hajui ngumi. Nikamkumbusha kwamba hoja hizo nimezitunga mwenyewe kwa hasira. Akajibu kwamba inawezekana, lakini sasa zimeandikwa.

Kwa hiyo usibadilishe jedwali. Na barua hii ukiichapisha, weka jina lake, mimi simo.

Tangu saa nne hatusemezani tena. Ukutani ameshaanza kupanga thelathini na moja ya urefu wa mkono mzima, nami sijamzuia. Nakatisha hapa kwa sababu kuna sehemu ya juu sijaimalizia, na ngazi yetu mguu mmoja ni mfupi, haisimami bila mtu. Sijamwomba, wala hajanitazama, lakini ameshaishika na ananisubiri nipande.