Mtu Aning'iniaye Paani, Mtaa wa Linden

Jumapili, 26 Oktoba

Halowini, usiku wa mizuka na wa watoto kuomba pipi mlango kwa mlango, ni Ijumaa. Mwaka huu Boga la Shaba, tuzo ya nyumba iliyopambwa kwa kutisha kuliko zote, linahamia kwangu! Miaka tisa limekaa dirishani kwa Ferris Dunkelberger, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, tena kaligeuza linitazame mimi, makusudi. Miaka tisa majaji wa mashindano ya kupamba nyumba wanapita kwangu wakisema vizuri, vizuri, kama wanamsifu mtoto kwa kuvaa viatu.

Luanne, mke wangu, mwanamke mwema lakini hana jicho la sanaa, amenipa sharti mezani. Nikishindwa tena, mifupa yangu yote ya plastiki, majeneza mawili na mzuka wa umeme vitoke kwenye banda la gari, aingie yeye na cherehani yake. Nilikubali kwa kiburi, mdomo umejaa viazi. Sasa nimekaa bandani naitazama mifupa yangu. Machozi yananilengalenga.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mpango wa kwanza: uvumi. Nilipokuwa mdogo, kila Halowini ilizuka habari kwamba mtabiri ametokea kwenye televisheni na kuonya kuwa balaa kubwa litashuka mahali fulani, karibu na kitu fulani. Hakuna aliyewahi kumwona huyo mtabiri. Kila mtu alikuwa na binamu aliyemwona.

Basi nimemfufua. Leo kwa kinyozi nimenong'ona kwamba safari hii ametaja nyumba yenye mlango mwekundu na msonobari mbele. Mlango wa Ferris ni mwekundu. Msonobari anao. Majaji watamkimbia kama ukoma. Nalala kama mfalme.

Jumanne, 28 Oktoba

Watu wamejaa kwa Ferris! Wametoka hadi miji ya jirani kuja kupiga picha na mlango wake. Yeye kapika juisi ya tufaha ya moto, anawagawia bure. Akavuka barabara kuniletea kikombe. Akaniuliza kama nimemsikia huyo mtabiri. Nikamjibu kuwa mimi sisikilizi upuuzi. Juisi ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumatano, 29 Oktoba

Mpango wa pili. Huu ni wa kipaji.

Kila mwaka utasikia kisa cha mji fulani ambako maiti ilikaa barazani kutwa nzima, wapita njia wakidhani ni pambo. Kweli? Sijui, wala sijali. Mimi nimekigeuza: pambo ambalo watu watadhani ni mtu! Mtu wa kweli kanuni zinamkataza. (Mwaka juzi nilimlaza binamu yangu jenezani. Akapiga chafya mbele ya majaji. Tukafutwa.)

Nimejaza majani makavu kwenye ovaroli yangu ya zamani, nikaiwekea kinyago chenye sura kama yangu na kofia yangu. Sanamu inaning'inia ukingoni mwa paa kwa ndoano, mikono imeshika mfereji wa maji ya mvua, ngazi imelala chini. Kwenye chungu cha maua nimeficha spika inayolia kwa sauti yangu: nisaidieni, naanguka.

Kabla ya chakula cha jioni zimamoto hao! Ving'ora, gari kubwa, mtaa mzima nje. Nikatoka kuwaeleza nikiwa nimevimba kichwa. Ferris hajawahi kuitiwa zimamoto.

Alhamisi, 30 Oktoba

Zimamoto wamekuja mara mbili tena. Mkuu wao, Bi. Trudy Wenger, amesema wakiitwa mara nyingine ataishusha sanamu kwa shoka, na mimi mwenyewe atanishusha cheo mbele ya hakimu. Nikamwambia sina cheo. Akasema atanitafutia. Alisimama palepale hadi nikaandika kibao na kukichomeka kwenye nyasi: HII NI SANAMU. SAUTI NI YA MASHINE. TAFADHALI MSIPIGE SIMU.

Luanne alikisoma akacheka hadi akashika ukuta. Akasema marehemu mama yake angependa kuiona hii. Kwao wanaamini buibui anayekujia siku ya Halowini ni roho ya marehemu wenu, amekuja kuwatazama. Nikamwambia mama yake alinitazama vya kutosha akiwa hai.

Ijumaa, 31 Oktoba

Naandika nimesimama. Kukaa hakuwezekani.

Alasiri upepo ulivuma, sanamu ikatumbukia kichakani. Majaji wako njiani! Luanne yuko kanisani anagawa supu. Nikavaa ovaroli nyingine, nikapanda kukaza ndoano. Ngazi ikateleza. Nikadaka mfereji, na ndoano ikadaka mkanda wa ovaroli yangu. Hapo nikaning'inia.

Nilipiga kelele. Watu wakasimama, wakasoma kibao, wakapiga makofi. Nikapiga kelele zaidi, wakapiga makofi zaidi. Mama mmoja akambeba binti yake aliyevaa kama nyuki ili anione vizuri. Mtoto akasema sanamu inatoka jasho. Mama akasema mambo ya teknolojia hayo, mwanangu, akamwongoza kwenye pipi za jirani.

Kisha akaja Ferris. Alisimama chini yangu muda mrefu. Nikamwamuru alete ngazi. Akatazama kibao. Nikamtukana matusi ambayo spika haiyajui. Akakisoma kibao kwa sauti, taratibu, hadi nukta ya mwisho, akaenda zake. Akarudi na majaji.

Nilifungua mdomo kuomba msaada, nikakumbuka. Mtu hai haruhusiwi! Nikisema neno moja nitashushwa, Boga litabaki kwa Ferris na cherehani itaingia bandani. Nikafunga mdomo. Spika ikaendelea kuomba msaada kwa niaba yangu.

Jaji mkuu, Bi. Opal Reinhart, alinidunga kigimbi kwa ncha ya mwavuli. Sikutikisika. Wakati huohuo buibui akateremka na uzi wake, akatua puani. Shikamoo, mama mkwe, nikasema moyoni. Akapanda hadi kwenye kope. Sikupepesa! Bi. Reinhart akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande.

"Mwili umekaa vizuri sana," akawaambia wenzake. "Uso ndio wamezidisha. Hakuna binadamu mwenye sura hii."

Wakanong'onezana. Wakaliweka Boga la Shaba barazani kwangu, moja kwa moja chini ya viatu vyangu. USHINDI!

Walipoondoka Ferris alisimamisha ngazi, akaninasua. Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia kuwa ni mimi.

"Ningewaambia, jirani," akasema, "si wangekushusha?"

Jumamosi, 1 Novemba

Boga liko dirishani kwangu, limegeuzwa limtazame Ferris. Mifupa haihami! Luanne ametimiza neno lake, cherehani ameipeleka chumba cha juu. Aliuliza tu ilikuwaje sanamu iliyoshinda iko kichakani, miguu juu. Nikamwambia imepumzika. Akanitazama ninavyotembea, akaniletea mto wa kukalia, hakuuliza tena.

Mwaka ujao sanamu mbili, tena juu kabisa, kwenye bomba la moshi. Kibao kiwe kikubwa mara tatu, maana watu wamekipenda. Mpango wenyewe haukuwa na kasoro hata moja. Ni ngazi tu, haikuwa na mtu wa kuishika.

Nimemwomba Ferris aishike. Kakubali kabla sijamaliza kusema. Maskini, siku hizi ananiogopa.