Injinia Gharibu na Laptopu Moja

Gari la matangazo lilipopita Kasulu likinadi maonesho ya kompyuta na vifaa vyake, Ijumaa hadi Jumapili, uwanja wa mpira, watu wengi walifurahi. Wenye maduka walifurahi kwa kuwa wangeuza. Walimu walifurahi kwa kuwa wangeshika printa bila kuambiwa waziachie. Ildefonsi alifurahi kuliko wote, maana alisikia maneno "bei za maonesho", akajua kwamba kwa siku tatu mji mzima ungetembea na noti mfukoni ukitafuta kitu cha laki tisa kwa laki nne. Watu wa namna hiyo hawana haja ya kudanganywa sana. Wanataka tu kuonyeshwa pa kukaa.

Pa kukaa palikuwa kibanda cha chipsi nyuma ya uwanja, chenye meza tatu na soketi moja ya umeme. Ildefonsi alikodi meza ya kona kwa sahani mbili za chipsi kwa siku, akavaa shati jeupe na beji shingoni: INJINIA GHARIBU, KARIAKOO. Kariakoo aliwahi kufika mara moja, akaibiwa viatu. Kwao hasa ni Kitahana, wilaya ya Kibondo, ambako mama yake, kiongozi wa kwaya ya kigango, alikuwa akimwambia kila mwenye masikio kwamba mwanawe ni injinia wa kompyuta.

Hilo la mama ndilo lililomkosesha usingizi. Polisi hakuwaogopa sana. Polisi hutaka mlalamikaji, na wateja wake hawakuwa na mdomo wa kulalamika. Alichoogopa ni siku habari zake zitakapofika Kitahana, mama asimame mbele ya kwaya asijue pa kutazama. Kwa hiyo alijiwekea sheria mbili. Kasulu hasemi Kiha, lugha ya kwao, hata akikanyagwa. Na mtu wa Kibondo hamuuzii kitu, hata akiletewa hela kwenye toroli.

Biashara yenyewe ilikuwa rahisi. Alikuwa na laptopu moja nzima, nzuri, aliyoinunua kwa jasho halali alipokuwa kibarua wa ujenzi. Ndiyo kazi pekee ya halali aliyowahi kuifanya, na huko ndiko alikopata pia vigae vya sakafu. Chini ya meza kulikuwa na mifuko myeusi inayofanana, kila mmoja na kikufuli chake cha bei poa, cha aina ile ambayo ufunguo mmoja hufungua vyote. Mfuko mmoja ulisubiri laptopu. Mingine ilikuwa na kigae kilichofungwa kwa boksi.

Mteja wa kwanza Ijumaa asubuhi alikuwa Bwana Tharsisi, afisa aliyehamishiwa Kasulu kutoka mkoa mwingine, mwenye kitambi cha heshima na gari la serikali aliloliegesha mbali kidogo.

"Nasikia kuna mzigo," alinong'ona.

"Mzigo upo, boss. Shirika la wazungu linafunga ofisi kambini kwa wakimbizi. Laptopu zilitakiwa ziteketezwe. Sasa mimi na wewe, tuteketeze mali kweli?"

"Hapana. Ni dhambi," alisema Bwana Tharsisi, ambaye alikuwa ametoka kuhudhuria semina ya maadili.

Ildefonsi aliwasha laptopu, akacheza muziki, akafungua picha za simba, akamwacha boss abonyeze mwenyewe. Kisha aliizima, akaitia mfukoni mbele ya macho yake, akafunga kikufuli, akampa ufunguo. Laki nne zikahesabiwa chini ya meza.

"Askari yule!" Ildefonsi alisema ghafla, akausukuma mfuko chini ya meza. Wote wawili waliinamia chipsi kwa uchaji. Askari, ambaye hakuwepo, akapita. Mfuko ukarudi juu, ila ni mwingine.

"Usifungue mpaka ufike nyumbani, boss. Getini wanakagua."

"Kijana, mimi si mtoto," alisema Bwana Tharsisi, akaondoka na kigae chake.

Saa nne hivi wakaja wanawake wawili. Mmoja wa miaka arobaini, jina lake Elieth, mkono wake mpana wa mtu anayepima maharage tangu utotoni. Mwingine mama yake, Bibi Josephina, mwembamba, mwenye fimbo, asiyesema. Elieth aliitazama laptopu ikifanya kazi nusu saa nzima. Aliuliza maswali yote, hadi Ildefonsi akachoka kutunga majibu.

"Nataka nifungue steshenari," Elieth alisema. "Mbele ya ofisi za wilaya. Watu wanazunguka mji mzima kutafuta pa kuchapia fomu moja. Printa nimeshapata. Hii ikiwa mbovu, kaka yangu, maharage yangu ya msimu yameisha, na mimi nimeisha."

"Wilaya gani, mama?"

"Kibondo."

Ildefonsi alisukuma sahani ya chipsi pembeni. Alianza kuikunja waya ya chaja. "Samahani, mama. Hii nimekumbuka ina mwenyewe."

Elieth hakubishana. Alifungua fundo la kanga akaweka mezani laki nne, noti nyekundu tupu, zimenyooka. Ildefonsi alizitazama. Alijikumbusha sheria. Kisha akajikumbusha kwamba Kibondo ni kubwa, ina vijiji vingi, na hawa hawajataja Kitahana. Sheria, alijiambia, ina roho yake, na roho ya sheria hii haikuwa imeguswa. Mawakili wengi wameanza hivyohivyo.

"Basi, kwa sababu ya steshenari," alisema, akapokea zile noti kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko. Bibi Josephina aliitazama ile mikono.

Mfuko, kikufuli, ufunguo. Askari asiyekuwepo akapita kwa mara ya pili siku hiyo. Wanawake wakaondoka.

Hawakufika mbali. Kwenye kona ya uwanja Elieth alisimama, akaukumbatia mfuko, akaugeuza, akaweka kiganja chini yake.

"Mama, ile mashine imewaka nusu saa. Nilipoishika ilikuwa ya moto kama chungu. Hii ni baridi."

Alifungua kikufuli kidogo tu, akachungulia, akafunga. Alikaa juu ya jiwe. Alitaka kupiga ukunga, na angeupiga, kama mama yake asingemshika bega.

"Ukipiga kelele mtaulizwa wote wawili. Yeye ataulizwa aliuza nini. Wewe utaulizwa ulidhani unanunua nini."

"Kwa hiyo niache?"

"Nani kasema uache? Yule si mtu wa Dar. Uliona alivyopokea hela? Yule amelelewa na mwanamke wa kwetu, na alichapwa mpaka akajua. Shika mfuko. Mimi naenda kumsalimia."

Ildefonsi alikuwa anafungasha. Sheria iliyovunjwa ilimwasha, akaona ahamie upande wa pili wa uwanja. Laptopu ilikuwa ndani ya mfuko, mfuko begani, kikufuli kimefungwa. Alipotoka kibandani akamkuta Bibi Josephina amesimama njiani.

"Mwakeye, mwana wanje!" alisema bibi, akimsalimia kwa Kiha kama mwanawe, akaanza kupiga makofi.

Hapa inabidi msomaji asiye wa huku avumiliwe kidogo. Muha akisalimiwa na mkubwa wake kwa makofi, hajibu na mzigo begani. Anatua alichobeba, anainama, anapiga makofi naye, na macho yanakaa chini. Wala si jambo la sekunde tatu, maana bibi bado hajaanza. Ataulizia amani, yaani amahoro, halafu nyumba, halafu wazazi, ng'ombe, mvua, maharage, na kila swali lina makofi yake. Huwezi kukata katikati. Ildefonsi alikuwa ameapa kutosema Kiha Kasulu, na kwa mdomo angeweza kuinyamazia salamu ile. Lakini mikono ilikuwa imeshatua mfuko na inapiga makofi kabla hajaiuliza.

"Amahoro?"

"Amahoro."

"Nyumbani amahoro?"

"Amahoro."

"Na mama yako, amahoro? Mama yako ni nani, mwana wanje?"

Akamtaja. Alitaja mama, akataja Kitahana, akataja hata kigango, kichwa kimeinama kama cha mtoto wa komunyo. Na pale chini, Elieth, aliyemfuata mama yake taratibu, alikuwa ameweka mfuko wake kando ya ule mwingine, akashusha pumzi, akanyanyua ule wa moto.

"Msalimie sana mama," alimaliza bibi.

"Ego, bibi," aliitikia, maana yake ndiyo.

Ildefonsi aliokota mfuko uliobaki, akatembea haraka. Jasho lilimtoka, lakini moyoni alikuwa na kaupole fulani. Alikuwa hajasalimiwa hivyo miaka miwili.

Kwenye basi la Kibondo, Elieth alikaa na laptopu mapajani, hataki hata kuiweka chini.

"Mama, tumemwibia?"

"Tulimpa laki nne, naye katupa kompyuta. Hayo ndiyo mapatano yenyewe," alisema Bibi Josephina. "Bei nzuri sana. Nafikiri tumsaidie kupata wateja."

Huku Kasulu, Ildefonsi alikuwa amepata meza nyingine, kwa muuza juisi, na kabla hajakaa vizuri akamwona Bwana Tharsisi anakuja mbio. Alitaka kukimbia, ila boss alikuwa anatabasamu.

"Nimekutafuta! Nataka nyingine, ya mke wangu. Bei ileile."

"Ya kwanza umeionaje, boss?"

"Iko garini, sijaigusa. Uliniambia nisubiri nyumbani."

Kuna furaha ambayo mtu huipata mara moja maishani, nayo ni ya kumwona aliyekwisha kuliwa akirudi kuomba aliwe tena. Ildefonsi alimvutia kiti. Alifungua kikufuli kwa madaha, akatia mkono, akatoa boksi. Akalitazama. Boksi likafunguka lenyewe, na kigae cha sakafu, rangi ya maziwa, sentimita thelathini kwa thelathini, kikakaa mezani kati yao.

Bwana Tharsisi alikigusa kwa kidole. "Hii inawashwa wapi?"

Ildefonsi alikuwa anapekua mfuko, mpaka pembeni, mpaka kwenye zipu ndogo ambamo hata daftari haliingii. Bwana Tharsisi alimtazama, akakitazama kigae, kisha akageuza shingo polepole kuelekea lilikokuwa gari. Aliinuka akaenda. Alipoanza kukimbia, Ildefonsi naye alianza, upande mwingine.

Siku mbili alijificha gesti, anakula mikate mikavu na kulia kidogo. Si uongo, alilia. Laptopu ile ndiyo ilikuwa shamba lake na jembe lake. Lakini aliendelea kujifariji kwamba la msingi limebaki: Kitahana hawajui.

Jumapili baada ya misa simu iliita. Mama.

"Ildefonsi! Mwanangu! Leo nimeinuliwa!"

"Na nani, mama?"

"Josephina wa Kibondo amekuja kusali kwetu. Kasimama mbele ya watu wote na laptopu mkononi. Kasema mwanangu kamuuzia kwa laki nne tu, kwa kumwonea huruma, na kwamba umelelewa, unajua kusalimia. Watu wamepiga vigelegele, mwanangu! Katekista ametoa laki nne hapohapo. Mwalimu mkuu laki nne. Na Stanislaus mwenye mashine ya kusaga laki nne. Uwaletee kesho."

"Mama, warudishie. Warudishie leo."

"Zimeshakwenda kwa fundi. Nyumba inavuja miaka mingapi? Nimenunua mabati. Sasa mimi nisimame mbele ya kwaya niseme nini? Kwamba nimekula hela za katekista?"

Ildefonsi alikaa kitandani, simu sikioni, akasikia mama anacheka na mtu mwingine kwa raha. Aliona aibu, aibu ya kweli. Angeweza kuzima simu akapanda gari la Manyovu, akavuka mpaka, akawa Injinia mwingine. Aliliwaza hilo kwa muda mrefu. Kisha akatoa hela za Tharsisi, na za Elieth, akaenda kwa wakala kutoa akiba yote aliyoichuma kwa vigae miaka miwili, iliyokuwa ya pikipiki.

Maonesho yalikuwa yanakaribia kufungwa. Aliingia getini kama watu, kwa tiketi, mara yake ya kwanza, bila beji, kofia imeshuka mpaka machoni.

"Laptopu tatu," alimwambia dada wa kwenye hema. "Bei ya mwisho?"

"Laki nane na nusu kila moja, kaka. Hapo ndiyo bei ya maonesho."

"Washa. Zote tatu. Ziwake nusu saa."

Alisimama pale nusu saa, akaweka kiganja chini ya kila moja. Alihesabu chaja. Alidai risiti, akadai gwaranti, akadai zifungwe mbele yake, na macho yake hayakuiacha mikono ya yule dada hata pale sauti fulani nje ilipotaja askari.

"Kaka, wewe huamini watu," alisema dada.

"Wapo wabaya sana," alisema Ildefonsi.

Jumatatu alipanda basi la kwanza, laptopu tatu mapajani, mfukoni nauli na sarafu. Alipiga hesabu tena na tena, ikatoka ileile: ametapeli wageni miaka miwili ili awauzie wa kwao kwa nusu bei. Walipoipita njia panda ya Makere simu iliita.

"Umefika wapi, mwanangu?"

"Niko njiani, mama. Nimezibeba zote tatu."

"Mungu akubariki. Sasa sikia. Padri amesikia. Anataka mbili za parokia, na hela amenipa."

Ildefonsi alifumba macho. Abiria wa pembeni, mzee mwenye jogoo kwenye kikapu, alimtazama kwa huruma akidhani amepewa habari za msiba.

"Umenisikia, Ildefonsi?"

"Ego, mama," alisema injinia.