Mpira Kwenye Tumbo la Mzee Melkior

Picha ya kupe ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya tawi la Chama pale Makanyagio, mwaka ule wa sabini na nne, na kila aliyepita alisema maneno yale yale: huyu ni Mzee Melkior. Mchoraji alikuwa mbali huko Dar es Salaam na hakuwahi kumwona Mzee Melkior hata siku moja. Lakini alikuwa amechora tumbo la mnyonyaji, na kwa tumbo la namna ile Mpanda nzima ilikuwa na mtu mmoja tu.

Isidori naye alikuwa amesimama pale akiitazama. Alikuwa ameshuka kwenye treni juzi yake, na mkoba wa ngozi ya bandia, suruali ya bugaluu na njaa. Kule alikotoka aliondoka haraka, kwa sababu watu wasio na kazi walikuwa wanakusanywa mitaani na kupakiwa kwenye lori kwenda kulima vijijini, na Isidori alikuwa na mengi ya kusema dhidi ya jembe. Sasa alisikia kwamba lori kama hilo linakuja Mpanda pia. Alichokitaka kwa wakati ule kilikuwa kidogo na cha haki kabisa: nyumba yenye chakula, na cheo chochote cha kumtajia mtu akiuliza, ili asipandishwe lori.

Ndipo mwenye tumbo akatokea. Mzee Melkior aliitazama picha, akalitazama tumbo lake, akajaribu kulivuta ndani. Halikukubali. Alikuwa mkulima wa mpunga mwenye mashamba Ilembo, na msimu huo alikuwa anagombea uenyekiti wa tawi. Isidori aliuona uso ule wa huzuni, na moyo wake ukajaa furaha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Na wewe umekuja kucheka?"

"Mimi nimekuja kusikitika. Tumbo hilo linakunyima kura, na dawa yake ipo."

Hapa inafaa tunyamaze kidogo kwa heshima, maana ndipo uongo ulipozaliwa, na ulizaliwa mzima, wenye meno. Isidori alieleza kwamba yeye ni mtaalamu wa matumbo, amesomea Bulgaria kwa madaktari wenye ndevu. Huko, mtu mnene hafungiwi chakula. Anafungwa tumbo lenyewe. Mpira mwembamba unazungushwa sehemu ya juu, tumbo linabaki na kachumba kadogo pale mlangoni, na mtu akila matonge matatu ameshiba.

"Na la nne?" aliuliza Mzee Melkior.

"La nne linakwama."

Kwa kweli Isidori aliwahi kufanya kazi hospitali, akifagia korido, hadi shuka zilipoanza kupungua na yeye akaombwa apungue pamoja nazo. Bulgaria aliisikia redioni. Lakini alizungumza kwa upole na kwa kushika mkono wa mgonjwa, na watu wengi waliosoma kweli hawajui kufanya hivyo.

Masharti yake yalikuwa mepesi. Malipo hataki, kwa sababu yeye anatumikia taifa. Atalala nyumbani kwa mgonjwa ili awe karibu. Chakula kipikwe kama kawaida, hata zaidi ya kawaida. Mgonjwa ale matonge yake matatu, na kile kinachobaki mtaalamu akimalize mwenyewe, asibakishe, kwa ajili ya vipimo. Mzee Melkior akauliza kama ni lazima vipimo hivyo viwe na nyama. Isidori akasema nyama ndiyo hasa inayopimwa.

Mke wa Mzee Melkior, Emerensiana, hakupenda jambo hilo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na macho ambayo hayakuharakishwa na mtu. Alimuuliza mgeni kama kule Bulgaria wagonjwa wake wapo hai. Isidori akajibu kwamba wapo na wanaruka kamba. Mama yule akasema sawa, basi kafanyeni, na akaenda kukaa mlangoni mwa ghala na rozari mkono mmoja na mchi wa kinu mkono wa pili.

Kazi yenyewe ilifanyika ghalani, mchana kweupe, juu ya mkeka. Mzee Melkior alinyweshwa pombe ya kangara mpaka akakoroma. Isidori akapaka spiriti, akachukua wembe mpya, akamchora mzee alama ndogo juu ya kitovu, kiasi cha mwanamke kujikata akimenya viazi, akabandika plasta kubwa.  Alipiga magoti akamwomba Mungu kwa kunong'ona kwamba huyu mzee asiamke, na akiamka asitazame chini ya plasta. Kisha akatoka nje akijifuta jasho na kutangaza kwamba mpira umekaa vizuri.

Mzee alipopata nguvu, Emerensiana alichinja jogoo, maana mgonjwa aliyetoka kitandani hapewi mboga za majani. Kulikuwa na wali wa mpunga mpya, mchuzi mzito, na firigisi juu yake kwa heshima ya baba wa nyumba. Isidori alinawa hadi kwenye viwiko. Alihesabu kimoyomoyo: matonge matatu ya mzee, kidogo kwa mama, na jogoo aliyebaki ni wa sayansi.

Mzee Melkior akala tonge la kwanza. Akala la pili. La tatu alilitafuna, akalimeza, kisha akaacha kusogea. Macho yalimtoka. Akaweka kiganja kifuani, akajaribu kusema, ikatoka kwikwi tu na povu jeupe kwenye pembe za mdomo.

"Limekwama," alisema Emerensiana.

 Hakuna mtu pale aliyejua vizuri kuliko Isidori kwamba ndani ya tumbo lile hakuna mpira, na chakula hakina kitu cha kukwamia. Lakini mzee alikuwa anakwama mbele yake. Ikabidi mtaalamu atafute utaalamu. Alimwinua, akamwinua mikono juu, akamzungusha nyumba akimpigapiga mgongo, akamnywesha maji ya uvuguvugu kijiko kwa kijiko, akamwambia asilale, asiiname, asiongee, asikasirike. Baada ya kuzunguka nyumba mara nyingi mzee alicheua kwa sauti iliyoamsha mbwa, akakaa chini, akasema sasa kimepita. Walipoingia ndani, jogoo hayupo. Emerensiana alikuwa amempelekea padri.

"Kuanzia leo nyumba hii ni uji tu," alisema mama yule. "Hatuwezi kula minofu mbele ya mgonjwa akimeza mate. Mate yenyewe yanaweza kukwama. Si ndivyo, daktari?"

Isidori alisema ndivyo, na kulikuwa na uchungu wa kweli katika sauti yake.

Basi wakala uji. Uji wa unga wa njano, wa msaada, mwepesi kiasi kwamba ulipita bila kuaga. Asubuhi uji, mchana uji, jioni uji uliobaki. Na mzee, hata uji ulimkwama siku nyingine, hasa siku ambayo Isidori alikuwa anajiandaa kuondoka. Akishika mkoba tu, mzee anashika kifua. Usiku wa kutoroka nao haukupatikana, kwa sababu Emerensiana alitandika mkeka wake mlangoni na kulala na mchi.

Kisha mpunga ukaiva. Mzee Melkior alisema kwa unyonge kwamba angekwenda kuvuna mwenyewe, ila akiinama, uji unarudi. Emerensiana akamgeukia mtaalamu. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba fundi aliyeharibu baiskeli ya mtu humbebea mwenye baiskeli mizigo yake hadi itakapotengenezwa, na akampa kisu cha kuvunia.

Hivyo ndivyo Isidori, aliyekimbia jembe kwa treni, alivyojikuta ndani ya maji ya jaruba la Ilembo, bugaluu imekunjwa hadi magotini, akikata masuke kutoka jua kuchomoza. Suruali ilianza kumpwaya. Aliifunga kwa kamba, kisha akaikaza kamba, kisha akaikaza tena. Jirani wa shamba, Kashinje, Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, alisimama na fimbo begani akamtazama kwa siku kadhaa kabla ya kuuliza.

"Nyie madaktari wa siku hizi mnavuna?"

"Ni sehemu ya matibabu," alisema Isidori.

"Ya nani?"

Swali lile lilimkaa. Jioni hiyo, miguu imevimba kwa maji, aliamua kufanya jambo ambalo katika maisha yake yote hakuwahi kulifikiria. Alikwenda kwa Mzee Melkior, akapiga magoti, akasema ukweli. Hakuna mpira. Hakukuwa na mpira. Yeye si daktari, hajafika Bulgaria, hajui hata iko upande gani. Kilichopo tumboni ni tumbo.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Akasema hayo ndiyo maneno ya fundi anayetaka kukimbia kazi yake. Yeye mpira anausikia, unabana hivi, unalegea hivi, hata ukubwa wake anaujua. Isidori aliapa kwa mama yake. Mzee akaanza kukwama. Ikabidi Isidori ainuke, amzungushe nyumba.

Kitu kimoja tu kilimsumbua, nacho ni kwamba tumbo la mzee halikupungua. Alipouliza, mzee alimkumbusha kwa heshima kwamba ni yeye mwenyewe, daktari, aliyesema kuwa tumbo likifungwa hujaa upepo kwanza. Isidori hakukumbuka kusema hivyo, lakini alikuwa amesema mengi.

Mpunga ukaisha kukatwa, ukapurwa, ukajazwa magunia. Siku ya mwisho Isidori alikuwa amebakiwa na gunia moja lisilo na kamba, akaambiwa na Kashinje kwamba kamba zipo kwa Marsela, dada yake Mzee Melkior, nyumba ya tatu kutoka kisimani. Alikwenda. Alipopita uani alisikia harufu ya bata aliyekaangwa, akasimama kwa sababu miguu ilikataa kuendelea.

Mzee Melkior alikuwa amekaa kwenye kigoda, mbele yake sinia la wali, na bata mzima au kilichokuwa bata. Alikuwa ameshika paja. Alilimaliza bila haraka, akaweka mfupa pembeni, palipokuwa na mifupa mingine.

"Kaa, daktari," alisema. "Leo nimezibuka."

Isidori hakukaa. Aliuliza swali moja tu, tangu lini. Mzee akajibu kwamba tangu siku ile ile ya ghalani. Kangara ya mke wake haijawahi kumlaza. Alikoroma kwa adabu. Alisikia wembe, alisikia na ile sala, na yeye kama Mkatoliki alifurahi kuona mgeni ana dini.

"Sasa kwa nini, mzee?"

"Mgombea haruhusiwi kuajiri mtu. Ni masharti ya uongozi. Nikiweka kibarua hata mmoja, mimi kupe, picha ile imesema kweli. Mpunga unaiva, binti yangu ameolewa Sumbawanga, mke wangu anaumwa mgongo. Ningevuna na nani?" Akajilamba kidole. "Ukaja wewe."

Isidori alipandwa na hasira. Alisema atakwenda kusema kila kitu kwenye mkutano, mbele ya watu wote. Mzee Melkior akasema afanye hivyo, mkutano ni kesho, awahi mapema kwa sababu viti ni vichache.

Aliwahi. Uwanja wa tawi ulijaa, na pembeni yake, chini ya jua, lilisimama lori la watu wa kwenda kulima Kasekese, turubai limefunguliwa. Katibu wa tawi alikuwa mezani. Isidori alisimama na kusema kwamba mgombea huyu ni mnyonyaji, amemtumikisha yeye shambani msimu mzima.

Watu wakanong'ona. Katibu akamtazama Mzee Melkior, kisha akamgeukia Isidori na kumuuliza mzee alikuwa anamlipa nini. Isidori akasema mzee hakumlipa kitu. Katibu akasema basi hakumwajiri. Akauliza: aliingiaje katika nyumba ile, kwa kazi gani?

Polisi alikuwa ameegemea lori. Isidori alimwona. Alifikiria wembe, plasta, na neno daktari. Akarudi nyuma hatua moja.

Hapo Mzee Melkior akasimama na tumbo lake, akaomba dakika moja. Alisema ndugu yetu huyu ni mnyenyekevu mno kujisifu. Alifika Mpanda hana shamba wala jamaa, akaona mzee mgonjwa, mpunga unaoza majini, akaingia kuvuna bila senti, bila kunung'unika, akala uji tu tuliokula sisi. Kama hiyo si kujitolea, yeye hajui kujitolea ni nini. Emerensiana alisimama akasema ni kweli, uji tu. Kashinje, aliyeulizwa, akasema alimwona kwa macho yake kila siku, na alikuwa anavuna vizuri. Tena, alisema Mzee Melkior, kule Kasekese kijiji ni kipya, watu wanahitaji mfano wa kuigwa, na ingekuwa choyo kwa Makanyagio kumng'ang'ania mtu kama huyu.

Makofi yaliyopigwa pale yalisikika hadi stesheni. Watu walimtazama Isidori, amekonda, kamba kiunoni, viganja vimechanika, na baadhi ya akina mama walipangusa machozi. Kisha wote wakamgeukia Mzee Melkior, kwa sababu mtu anayemsifu mwingine hadharani namna hiyo hawezi kuwa kupe, awe na tumbo au asiwe nalo.

Katibu alituliza uwanja. Alisema Chama hakimlazimishi mtu aliyejitolea, na akamuuliza Isidori, mbele ya wote, kama anakwenda Kasekese kwa hiari yake au ana jambo jingine la kueleza kuhusu nyumba ile.

Isidori alimtazama polisi. Alimtazama Mzee Melkior, aliyekuwa amemkazia macho kwa upendo mkubwa.

"Nakwenda kwa hiari," alisema, akapanda lori mwenyewe kabla hajasaidiwa. Katika uongo wote aliowahi kuusema, huo ndio pekee ulioaminiwa na kila mtu papo hapo, bila mtu hata mmoja kuuliza swali.