Gitaa la Mlango wa Kabati

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwisha. Mke wangu ametoa hukumu wakati wa chai. Karakana yangu haijauza hata stuli tangu mwaka uanze, kwa hiyo mwisho wa mwezi nikapige msasa kwa kaka yake. Kwa shemeji! Fundi magitaa anayeongea polepole, utadhani kila neno analipaka vanishi kwanza. Nivae aproni yake? Afadhali nimeze misumari.

Imebaki njia moja. Jumamosi ya wiki ijayo kuna maonyesho ya magitaa ya mkono katika ukumbi wa shule ya sanaa. Yanatundikwa ukutani kama picha, watu wanatazama tu. Kugusa marufuku. Litakalopendeza kuliko yote, fundi wake anapewa chumba cha kazi palepale kwa mwaka mzima. Kupendeza macho! Masikio hayamo. Gitaa la kupigwa siliwezi, lakini la kutazamwa, nani anashindwa?

Jumatano, 5 Machi

Mbao sina. Zilizopo zimekaa kinyonge kama mwenyewe. Nikaingia chumba cha nyuma nilie kidogo, na hapo ndipo nilipoliona. Kabati la mama mkwe! Tunamtunzia mpaka nyumba yake iezekwe upya. Mlango wa kushoto una mistari ya mbao inayotiririka kuanzia juu mpaka chini, na katikati kuna alama nyeusi ya pasi ya mkaa, ncha juu. Aliiunguza mwenyewe, zamani sana, alipokuwa bibi harusi. Sanaa tupu!

Nimeung'oa. Ni mlango mmoja tu, wa pili upo. Nimeuranda kwa ndani ili alama ibaki. Kabati nimeligeuza liangalie ukutani. Mke wangu ameuliza kwa nini. Nimemwambia hewa.

Jumapili, 9 Machi

Gitaa limesimama! Vanishi tabaka saba, najiona mpaka meno.

Shemeji amepita bila kualikwa. Ameitazama ile alama ya pasi kwa muda mrefu, akauliza mbao nimeitoa wapi. Nikasema ng'ambo. Akasema kumbe ng'ambo nako wanaunguza kama kwao. Nikajifanya nakohoa.

Halafu akaanza ualimu wake. Eti kile kibao kidogo kinachoshika nyuzi nisikigundishe juu ya vanishi. Nikwangue kwanza mpaka nifike kwenye mbao yenyewe, la sivyo nyuzi zikikazwa kitang'oka. Akajitolea kunikwangulia. Akwangue mng'aro wangu! Wivu mtupu. Nimemshukuru sana, nimemsindikiza mpaka nje, nimerudi, nimegundisha juu ya vanishi. Nyuzi nimezilegeza. Atakayezikaza nani?

Ijumaa, 14 Machi

Mke wangu amefurahi kusikia nashiriki. Amefurahi mno. Amemwalika mama yake.

Nimeshindwa kula. Nimependekeza mama mkwe apumzike, ukumbi una ngazi nyingi. Nimeambiwa mama anapenda ngazi.

Jumamosi, 15 Machi

Sijui niandike nini. Naandika hivyohivyo.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Magitaa yamejaa ukuta mzima. Moja lina shingo iliyochongwa kama mzabibu, la shemeji ni la kawaida, jeupe, halina makeke. Watu wamejazana mbele ya langu! Mama mkwe na mke wangu walikuwa safu ya tatu kutoka nyuma, nikawaziba kwa mgongo wangu. Jaji mkuu, mama mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, akasimama mbele ya ile alama ya pasi. Akasema inazungumza. Akauliza niliipataje. Nikasema kwa maumivu. Akaandika! Chumba nikawa nakiona, mpaka mapazia yake.

Kisha akasema anataka kulisikia. Sauti moja tu.

Nikamkumbusha kwamba kugusa ni marufuku. Akacheka, akasema marufuku ni kwa wageni. Akamwita shemeji akaze nyuzi, kwa kuwa mikono yake wanaiamini. Shemeji akanisogelea, akaninong'oneza kuuliza kama nilikwangua. Mbele ya watu wote wale ningesema nini? Nikasema nilikwangua.

Akakaza. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne, paa! Kibao kikaruka na nyuzi zake, kikapita juu ya vichwa, kikatua miguuni pa mama mkwe. Kati ya watu wote ukumbini!

Akakiokota kwa upole, akakileta mbele ili anirudishie. Akafika. Akaliona gitaa. Akaweka kiganja juu ya alama ya pasi, kikaenea sawasawa. Akamweleza jaji kwamba hiyo ni alama ya siku ya kwanza alipompigia pasi shati marehemu baba mkwe. Alimwona anapita dirishani, akasahau pasi imeegemea mlango wa kabati. Machozi yakamtoka. Mimi pia yakanitoka, ila yangu yalikuwa ya chumba.

Halafu akanigeukia, akaniuliza kama kabati lake linapata hewa ya kutosha.

Mke wangu amerudi nyumbani na mama yake. Ushindi umekwenda kwa shemeji.

Jumatatu, 31 Machi

Siku ya kwanza ya msasa. Aproni inabana. Nyumba ya mama mkwe imeezekwa, kabati limerudi kwake. Shemeji amenipa mbao yake nzuri, nikachonga mlango mpya, nikatumwa nikaufunge. Mke wangu anaongea nami tena, neno moja moja.

Nimetafakari sana na somo nimelipata. Kosa lilikuwa la gundi.

Na jambo jingine! Gitaa langu mama mkwe amelitundika sebuleni, bila nyuzi. Maana yake kazi yangu anaipenda, ila haya tu inamzuia kusema. Wakati nafunga bawaba nikaliona benchi la marehemu baba mkwe, lile lenye mgongo. Pale alipokuwa akiegemeza kichwa, mafuta ya nywele yameingia kwenye mbao, doa la duara, kama mwezi. Na mwezi wa sita kuna maonyesho ya zeze.

Nimeligeuza benchi liangalie ukutani. Mama mkwe ameuliza kwa nini. Nimemwambia hewa.