Ugonjwa wa Mama Mkwe

Jumatatu, 16 Juni

Bosi mpya ameanza kazi hapa ghalani Isebania. Madam Anneke, Mholanzi. Alitukusanya kati ya magunia ya pilipili akasema kwao kazi ikiisha simu inazimwa, na anayetaka kupumzika ataje siku tu. Sababu ni yake mwenyewe. Wenzangu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Mtego huo! Mogire, bosi aliyeondoka, alikuwa akinipigia hata nikiwa bafuni na sabuni machoni.

Jumatano, 18 Juni

Binti yangu Roseline ataimba peke yake Sabato hii, yaani Jumamosi, kanisani Kegonga, kwao mama yake. Mara mbili nimemwahidi, mara mbili kazi ikanishika. Leo amesema safari hii hatanitafuta kati ya watu. Hakukasirika, alikuwa akifunga viatu. Imeniuma sana.

Lazima niende. Lazima nipate sababu nzito. Nimeipata! Mama mkwe, Phelesia, ni mgonjwa mahututi. (Yuko shambani analima.) Huku kwetu mkwe hazungumzi ovyo na mama mkwe, hata mkono hawapeani. Hatajua kamwe. Mimi nina akili, jamani.

Ijumaa, 20 Juni

Nilianza na figo, nikaingia presha, nikafika kupooza. Madam akanikatiza. Jumamosi ni yangu, hahitaji kujua, na pole sana. Hata jina la hospitali hakuuliza, nami nilikuwa nimeandaa mpaka la daktari!

Shida ni Willis wa mizani. Alikuwa mlangoni, akasikia yote. Alinishika bega huku machozi yakimlengalenga.

Jumamosi, 21 Juni

Maskini mimi. Nilikuwa nimeketi mbele kabisa, Roseline anasimama, mara Willis na ghala zima, walioelekezwa kanisani na jirani wa mama mkwe, wakashuka kwenye matatu nje na sukari, mkate na maziwa ya mgonjwa. Madam tu ndiye hakuja. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikajifungia chooni.

Nikamsikia Willis akiomba kanisa limwombee Mama Phelesia aliyepooza. Halafu sauti ya Mama Phelesia mwenyewe, kutoka kwaya, ikiuliza ni Phelesia yupi huyo.

Mama mkwe amemtuma mke wangu, Nyatichi, aniambie nikitaka kumzika ningoje kwanza afe.

Roseline aliimba baadaye. Nilipata sauti kupitia mabati, maneno hapana. Nyatichi anasema mtoto alinitafuta kwa macho mpaka wimbo ukaisha.

Jumatatu, 23 Juni

Willis hanisalimii. Madam aliniita, nikajua nimefutwa kazi. Kumbe alitaka tu kujua kwa nini sikutaja "Jumamosi" tu, basi. Nikamwambia kuwa Roseline ataimba tena Sabato ijayo. Akasema niende, na nisimweleze chochote.

Ruhusa ninayo basi. Nimemwahidi Roseline, naye akasema sawa, kwa sauti ndogo. Lakini mtu mzima ataondokaje kazini bila sababu? Mama mkwe hatumiki tena. Baba mkwe, hata hivyo, ana goti bovu, na Willis hajawahi kumwona.